Roboti haisubiri mgeni rasmi

NIANZE na kisa cha jirani, msomaji, maana kile cha nyumbani tutakifikia baadaye na najua kitakukera.

Mwaka 2013, jijini Kinshasa, katika nchi ambayo sisi tumezoea kuitaja tukizungumzia vita, wakimbizi na bolingo, lilisimamishwa barabarani dude la aluminiamu lenye urefu wa zaidi ya mita 2. Lilikuwa na mikono, taa nyekundu na taa za kijani, na lilikula umeme wa jua. Kazi yake ilikuwa kuongoza magari. Roboti! Na wala haikuletwa na mfadhili yeyote ikiwa imefungwa kwenye boksi. Ilibuniwa na kuundwa na Wakongo wenyewe, wa kikundi cha Women's Technology kilichoongozwa na mama mmoja mhandisi, Thérèse Izay. Mwaka 2015 wakaongeza nyingine tatu, wakazipa majina ya Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Ziliripotiwa kugharimu dola 27,500 kila moja. Shangingi moja jipya la mkubwa wa hapa kwetu linapita bei hiyo mara mbili na chenji inabaki.

Wapo madereva wa Kinshasa waliosema kuwa wanaitii roboti kuliko wanavyomtii askari. Mimi sishangai. Roboti haina shati lenye mfuko.

Tungekuwa ni sisi, hadi leo tungekuwa kwenye warsha ya tatu ya kuandaa rasimu ya kuunda kamati ya roboti, posho zimelipwa, na mgeni rasmi amekwishaondoka na mashada yake.

Lakini sikukalia kiti hiki kuwatukana watawala peke yao. Leo nina ugomvi na wewe, kijana mwenzangu, uliyemaliza kidato cha nne ukakaa kijiweni, ukisikia neno roboti unasema hayo ni mambo ya Wajapani. Nani kakwambia? Ulipokuwa na miaka minane hukuwahi kutengeneza gari la waya? Magurudumu ulikata ndala ya mama, ukachapwa. Usukani ulikuwa mrefu ukitokea mgongoni mwa gari hadi mkononi mwako, na ukikata kona kushoto magurudumu yalikata kushoto. Sasa sikiliza. Gari lile lilipungukiwa vitu vitatu tu ili liitwe roboti: mota ya kulisukuma, kitu cha kuhisi mbele kuna nini, na kitu cha kuamua kama lisimame au lipite. Hiyo ndiyo roboti. Inahisi, inaamua, inatenda. Sura ya binadamu, macho ya kukonyeza na sauti ya kike ni mapambo ya maonyesho.

Unadhani nakudanganya? Chukua mfano wa Uingereza, nchi ambayo wakubwa wetu hukimbilia hata wakiumwa jino. Mwaka 1948 na 1949, mtaalamu wa ubongo wa mjini Bristol aitwaye Grey Walter aliunda kobe wawili wa mashine, akawaita Elmer na Elsie. Vita Kuu ilikuwa imekwisha juzi tu, vitu vilikuwa adimu, naye akatumia mabaki: vipuri vya jeshi vilivyobaki vitani na meno ya saa mbovu. Kila kobe alikuwa na mota mbili, jicho moja la kuhisi mwanga, na ubongo wa valvu mbili za redio. Mbili tu, msomaji. Redio ya babu yako ilikuwa na valvu nyingi kuliko hizo. Kobe wale walitembea sakafuni wakiufuata mwanga, wakigonga meza wanarudi nyuma na kujaribu upande mwingine, na chaji ikipungua wanarudi bandani kwao kula umeme. Watu walipowatazama waliapa kuwa wana roho.

Basi mwanzo wa roboti ni takataka. Nani anatushinda kwa takataka?

Mimi nilianza na simu mbovu. Kila simu inayotetemeka mfukoni ina mota ndogo kama punje ya mchele, yenye kipande cha chuma kilichokaa upande. Ikizunguka inayumba, na simu nzima inayumba nayo. Nilikwenda kwa fundi mmoja, mzee wa makamo, mwenye meza ya kioo chini ya mwarobaini.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Simu imekufa?"

"Hapana mzee. Natafuta zilizokufa. Nataka ile mota ya mtetemo."

Akanitazama kama niliyeomba maiti. "Dogo, ya kufanyia nini?"

"Roboti."

Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Kisha akafungua droo akanipa sita, bure, kwa sharti kuwa nikimaliza nimpelekee aone. Nilikata kichwa cha mswaki wa zamani ambao nywele zake zimelala upande mmoja, nikagundisha mota juu yake, nikaweka betri ya kidonge ya volti 3, ile inayokaa ndani ya kompyuta kutunza saa, nikaunganisha waya mbili. Kikaondoka! Kilikimbia mezani kama mende aliyewashiwa taa, kikadondoka, kikaendelea kukimbia sakafuni. Mdogo wangu alipiga kelele. Mama akauliza kama ni panya.

Gharama ilikuwa betri peke yake. Ukianzia hapo, msomaji, umeanza. Usidanganywe na mtu yeyote kwamba lazima kwanza ununue boksi lenye vifaa mia na mkono wa roboti kwenye jalada. Wapo walionunua. Maboksi yako chini ya vitanda.

Hatua iliyonifuata ndiyo iliyonipa adabu, nami nitaieleza kirefu kwa sababu wengi huachia hapo.

Mende wa mswaki hana akili. Ukitaka akili ya bei nafuu utakutana na jina Arduino. Ni bodi ndogo inayotosha kiganjani, iliyozaliwa mwaka 2005 mjini Ivrea, Italia. Walimu wa chuo cha usanifu walitaka kitu rahisi ambacho wanafunzi wasio wahandisi wangeweza kukitumia. Jina walilitoa kwenye baa waliyokuwa wakikutana. (Sisi baa zetu zimetoa wenyeviti wa matawi.) Michoro yake waliiacha wazi kwa dunia nzima, ndiyo maana ile ya asili inauzwa karibu dola 30 lakini za kuiga, zinazofanya kazi ile ile, ni rahisi zaidi kwa mbali. Ile iitwayo Uno ina miguu 14 ya kuwasha na kuzima vitu na 6 ya kupima, na kumbukumbu ya kilobaiti 32. Ni ndogo mno, picha moja ya simu yako haiingii humo. Lakini kuendesha gari sebuleni inatosha na inabaki.

Unaiandikia maagizo kwenye kompyuta, unayapakia kwa waya, unachomoa, nayo inayakumbuka. Huna kompyuta? Hata mimi sikuwa nayo. Zipo programu za simu za Android zinazofanya kazi hiyo kwa waya wa kuunganishia flashi. Na kama bodi yenyewe huna, kuna mtandao wa Tinkercad, hautozi kitu. Unaunganisha saketi kwenye kioo na ukikosea haitoki moshi. Zoezi la kwanza la kila mtu duniani ni kuwasha na kuzima taa moja. Usilidharau. Siku taa ile inapotii maandishi yako mwenyewe, utaelewa kwa nini nimeacha kuandika habari za harusi nikaandika haya.

Sasa adabu. Nilichukua mota ya deki ya DVD, ile inayotoa na kuingiza sahani, nikaichomeka moja kwa moja kwenye mguu wa bodi. Bodi ikafa. Haikulia, haikutoa moshi, ilikata roho kimya kimya, na hela yangu ya makala mbili ikaenda nayo. Nilichokuwa sikijui ni hiki: mguu mmoja wa bodi ile unatakiwa utoe umeme wa kuwasha taa ndogo, kama miliampia 20, na ukifika 40 ni mwisho wa maisha yake. Mota inapoanza kuzunguka inataka mamia. Ni sawa na kumwagiza mtoto wa chekechea abebe gunia. Kati ya bodi na mota lazima pawe na mpagazi. Mafundi wa roboti hupenda kibodi kiitwacho L298N, chenye bati jeusi la kupoza. Bodi inatoa amri, mpagazi anabeba mzigo. Nacho kina kodi yake: hula kama volti 2 njiani, kwa hiyo ukitia volti 6 mota inapata 4. Usije ukadhani umeuziwa mota mbovu.

Nikanunua bodi ya pili, na mpagazi, na mota mbili za njano zenye gia. Nikatumia betri ya mraba ya volti 9 kwa sababu ndiyo niliyoiona pichani. Gari likaruka hatua moja, likazimika, likawaka, likaruka, likazimika. Wiki nzima. Nilibadilisha maagizo mara ishirini. Nikalaani Wachina.

Mwisho nikakumbuka sharti, nikampelekea yule mzee. Hakucheka safari hii. Alivaa miwani, akashika mita yake, akagusa hapa na pale, akasema maneno ambayo sijayaona kwenye kitabu chochote.

"Dogo, hasi zako hazijuani."

Yaani waya hasi wa betri ya mota na waya hasi wa bodi haukuunganishwa, kwa hiyo bodi ilikuwa inatoa amri ambayo mpagazi hakuwa na pa kuipimia. Akaziunganisha. Akaitoa ile betri ya mraba akasema hiyo ni ya kengele ya moshi, ina volti nyingi lakini haina nguvu ya kusukuma. Mota zikivuta, volti inaanguka na bodi inazirai. Akaweka betri nne ndogo za tochi kwa ajili ya mota, na bodi akaipa umeme wake peke yake. Gari likatembea hadi chini ya meza ya muuza kahawa.

Mzee yule ni wa darasa la saba. Kitu ambacho kingemchukua mwalimu kipindi kizima ubaoni, kama mwalimu huyo angekuwepo, yeye alikimaliza kabla kahawa haijapoa. Aliniachia na onyo moja ambalo nami nakuachia: betri za lithiamu za laptopu mbovu usizifanyie mchezo. Ukizigonganisha chanya na hasi, au ukazitoboa, zinawaka moto ambao ndoo ya maji haiutishi. Na risasi ya kulehemu ni sumu, nawa mikono kabla ya kula.

Nilipopata gari linalotembea nilitaka lione. Nikanunua jicho lake, kibodi chenye vikopo viwili vya mviringo, HC-SR04. Hakioni kwa mwanga. Kinapiga kelele ya juu ambayo sikio la mtu haliisikii, kisha kinasubiri mwangwi urudi, kama popo. Sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Ukuta ukiwa umbali wa mita 1, mwangwi unarudi baada ya kama elfu 6 za sehemu milioni za sekunde. Bodi inagawanya, inapata umbali, na ukiwa chini ya sentimita 20 inakata kona.

Hapo ndipo hasira iliponipanda, msomaji, na hapa ndipo tunarudi nyumbani.

Mwangwi niliusoma kidato cha nne. Nilinakili maana yake ubaoni, nikachora mtu aliyesimama mbele ya mlima akipiga makofi, nikakariri kanuni, nikaandika kwenye mtihani, nikasahau. Tulikuwa tumebanana darasani kama dagaa, na kipima sauti, spika wala chemchemi ya mfano hatukuwahi kuishika. Niliuona mwangwi kwa mara ya kwanza maishani nikiwa mtu mzima, sakafuni kwetu, siku kigari changu kilipofika karibu na kabati kikasimama chenyewe. Nilikaa chini. Nilijiuliza ni wangapi tuliokuwa tunaitwa mbumbumbu wa fizikia na kumbe hatukuwahi kukutana nayo.

Hebu tukumbushane. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, zaidi ya watahiniwa 240,000 walipata sifuri. Walipoona aibu imezidi, Mei 2013 waliyafuta wakayapanga upya kwa vipimo vingine, kama mtu aliyeona homa akavunja kipimajoto. Mwaka huo huo wa 2012 Rais Kikwete aliagiza kila sekondari ya kata ijengewe maabara tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia. Muda ulipangwa uishe Novemba 2014, haikuwezekana, ukasogezwa hadi Juni 2015. Walalahoi walichangishwa, wengine kwa kukimbizana na mgambo. Kuta zilisimama. Nani alihesabu kilichowekwa ndani ya kuta hizo?

Januari 2024 ukaja wimbo mpya, mkondo wa amali, kwamba sasa mtoto atafundishwa kazi za mikono sekondari. Mimi siupingi. Waliotusomesha Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 nao walikuwa na nia njema, na mwisho wake wengi tulishia kulima shamba la mwalimu mkuu. Amali bila vifaa ni jembe la zamani lenye mpini mpya. Kwa hiyo mtendaji akikwambia sekondari ya kata yako ina mkondo wa amali, muulize swali moja dogo: mita za kupimia umeme ziko ngapi, na nani anashika ufunguo wa kabati?

Uingereza niliyoitaja, mwaka 2016 shirika lake la utangazaji na wenzake walianza kugawa bodi ndogo iitwayo micro:bit kwa watoto wa miaka 11 na 12, hadi vipande milioni 1, bure, waende nazo nyumbani. Waende nazo nyumbani! Kwetu kifaa kikifika shuleni kinafungiwa ofisini kisije kikaharibika, na kinaharibikia humo humo kwa vumbi. Na ukitaka kujiagizia mwenyewe vipuri kutoka nje, forodhani kuna kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwa huku Bara, na ushuru kulingana na jinsi afisa alivyokiita kifaa chako siku hiyo. Nchi hii iliwahi kuwasamehe wachimba dhahabu wakubwa ushuru wa mafuta ya mitambo yao. Ikashindwa vipi kumsamehe mtoto ushuru wa mota ya kuchezea?

Nawajua wakereketwa wa upande wetu pia. Nimeshawasikia: "Kijana, watu hawana dawa zahanati, wewe unatuletea midoli." Na mwingine: "Roboti zinakuja kutunyang'anya ajira, halafu unazipigia debe." Huyu wa pili namwambia, zitakuja uzipende usizipende, na atakayebaki na kazi ni yule anayejua kuifungua na kuitengeneza. Ajira gani hasa unailinda hapo kijiweni? Huyu wa kwanza namwalika aje aone. Bodi ile ile, ukiondoa magurudumu ukaweka kipimajoto na balbu, inalinda joto la nyuzi 37.5, na mayai ya kuku yaliyomo ndani yanakuwa vifaranga siku ya 21. Ukiweka kipande cha kuhisi unyevu na pampu ndogo, inamwagilia mchicha ukiwa msibani. Hayo yote ni gari langu la sebuleni limevaa nguo nyingine. Mdoli ndipo mahali pa kukosea kwa bei ndogo. Ukianza na mashine ya vifaranga ukakosea, umechemsha mayai ya watu.

Kwa diwani wetu wa upinzani, tunao wachache lakini tunao, ninalo ombi. Usisimame kwenye baraza la halmashauri kudai "kituo cha ubunifu cha kisasa". Watakipitisha kwa makofi, kitajengwa kwa miaka saba, na jiwe la msingi litakuwa na majina ya watu watatu. Omba meza moja katika kila sekondari, mita mbili, pasi za kulehemu nne, na fungu dogo la kumlipa fundi redio wa mtaa huo aje Jumamosi asubuhi. Mafundi wapo. Hawajaitwa tu, kwa sababu hawana vyeti, na wenye vyeti hawaji.

Gari langu bado lina kilema. Likifika kwenye pazia linaligonga, kwa sababu kitambaa kinameza sauti na mwangwi haurudi. Mzee anasema niweke waya wa ndevu mbele kama wa paka, liguse kabla ya kugonga. Tunajaribu Jumamosi hii. Bado ana mota tatu za simu kwenye droo, na kila Jumatatu anasafisha droo.